Minara mitatu ya ukuta wa Tallinn: ni upi uutembelee iwapo muda wako ni mfupi?

Ukuta wa mji wa kale wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ni miongoni mwa kuta za miji ya Zama za Kati zilizosalia vizuri zaidi kaskazini mwa Ulaya. Karibu kilomita mbili za ukuta huo bado zimesimama, na kati ya minara 46 iliyoulinda mji katika karne ya 16, zaidi ya 20 ingalipo hadi leo. Mwaka 1997 mji huo wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kinachonivutia mimi, hata hivyo, si wingi wa mawe hayo. Ni kwamba minara yake kadhaa haikufungwa kwa minyororo na kuachwa itazamwe kwa nje tu, bali ilikarabatiwa na kupewa kazi mpya: makumbusho, mkahawa, kumbi za maonyesho.

Wingi huo ndio unaomtatiza mgeni. Tallinn iko ng'ambo ya Helsinki, na meli ya abiria huvuka ghuba baina ya miji hiyo miwili kwa takribani saa mbili, kwa hiyo wageni wengi, wakiwemo Waafrika Mashariki wanaoishi au kusoma Finland, hufika asubuhi na kuondoka jioni. Mtu wa namna hiyo hawezi kuingia kila mnara, na pengine hata miwili ni mingi iwapo anataka pia kula, kupumzika na kutembea katika vichochoro vya mji. Makala haya yanalinganisha minara mitatu ambayo watu huhangaika zaidi kuchagua kati yake: Kiek in de Kök, Neitsitorn na Paks Margareeta.

Vigezo

Nimechagua vigezo vinne, na kila mnara nitaupima kwa vyote. Cha kwanza ni historia inayosomeka katika jiwe lenyewe, yaani kile ambacho macho yanaweza kukiona bila msaada wa ubao wa maelezo. Cha pili ni ukarabati: ni sehemu gani imebaki ya zamani, ni ipi imejengwa upya, na je, mgeni anaweza kutofautisha. Cha tatu ni kazi ambayo mnara unaifanya leo. Cha nne ni mwili na muda: ngazi, baridi, nafasi, na saa ambazo ziara inahitaji.

Umri sikuuweka kuwa kigezo. Wasomaji wengi huuliza kwanza ni mnara upi ulio mkongwe zaidi, lakini swali hilo halimsaidii mtu kuchagua, kwa sababu mnara uliotangulia kujengwa miongoni mwa hii mitatu ndio huohuo uliojengwa upya kwa kiasi kikubwa zaidi.

Historia inayosomeka katika jiwe

Kiek in de Kök ulijengwa katika miaka ya 1470 na 1480, wakati mizinga ya baruti ilikuwa imeanza kubadilisha vita kote Ulaya. Una kimo cha mita 38 na kuta zenye unene wa mita nne hivi, vipimo ambavyo havingehitajika katika enzi ya mishale na ngazi za kukwea ukuta. Mnara huu uliwekwa upande wa kusini wa mji, ambako hapakuwa na bahari ya kusaidia ulinzi, na ulijengwa ubebe mizinga ya kwake na kustahimili mizinga ya adui. Jaribio lake kubwa lilikuja mwaka 1577, katika Vita vya Livonia, jeshi la Ivan wa Nne wa Urusi lilipouzingira mji. Sehemu ya juu ya mnara ilibomolewa vibaya, lakini mji haukuanguka. Matundu yaliyotobolewa na mizinga yalizibwa baadaye, na ndani ya ukuta wa nje yameachwa makombora ya mawe yanayokumbusha mzingiro huo. Simama chini yake, inua macho, nawe utayaona: mabonge ya duara yaliyokwama kwenye chokaa, kila moja mahali pake. Kwa kigezo hiki cha kwanza, sijui mnara mwingine katika ukuta huo unaosema wazi kiasi hicho.

Paks Margareeta ni wa mwanzoni mwa karne ya 16, ukingoni kabisa mwa Zama za Kati, na maumbile yake yanaonyesha jinsi fikra za ulinzi zilivyobadilika ndani ya miongo michache tu. Badala ya kupanda juu, umetanuka: kipenyo chake ni mita 25 hivi na kimo chake ni mita 20 tu, na kuta zake zinakaribia unene wa mita tano. Umetobolewa matundu 155 ya kupigia silaha. Mnara mrefu ni shabaha rahisi kwa mzinga, na wajenzi wa Margareeta walikuwa wamekwisha kulielewa hilo. Unasimama kando ya Lango Kuu la Pwani, mwisho wa barabara ya Pikk, ukikabili bandari, kwa hiyo ulikuwa na kazi mbili: kulinda lango, na kumwonyesha kila nahodha aliyekuwa akiingia kwamba mji huu una fedha na una nguvu.

Ulipokosa adui, ulifanywa gereza, na mwaka 1917, katika misukosuko ya mapinduzi nchini Urusi, ulichomwa moto. Msomaji wa pwani yetu ataitambua njia hiyo mara moja. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, iligeuzwa gereza mwaka 1895 na kubaki hivyo hadi 1958, na ngome ya Lamu ilifungia watu hadi 1984. Kuta zilizojengwa kumzuia mtu asiingie huwavutia sana watawala wanaotaka kumzuia mtu asitoke. Mgeni anayeingia Margareeta akiifahamu historia ya ngome zetu ataelewa mengi bila kuelezwa.

Neitsitorn ndio wenye asili ya mbali zaidi, nusu ya pili ya karne ya 14, na ndio unaosomeka kwa shida zaidi. Ni mnara wa pembe nne, si wa duara kama ile mingine miwili. Minara mingi ya kipindi hicho ilikuwa na kuta tatu tu; upande wa ndani, ule unaotazama mji, uliachwa wazi, ili adui akiuteka mnara asiweze kuutumia dhidi ya wenyeji. Mzingiro wa 1577 uliuharibu vibaya sana. Baada ya hapo ulitengenezwa, ukabadilishwa, ukawa makazi ya watu, na wasanii nao waliwahi kuishi na kufanya kazi humo. Historia yake ya vita imefunikwa na historia ya maisha ya kawaida, na mtu asiyejua hilo anaweza kupita karibu nao akidhani ni nyumba ya zamani yenye kuta nene kupita kawaida.

Ukarabati

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na naomba msomaji avumilie nikikaa kidogo, kwa sababu namna mnara ulivyokarabatiwa ndiyo inayoamua mgeni ataona nini.

Kiek in de Kök ulifanywa makumbusho mwaka 1958, na katika muongo uliofuata ukakarabatiwa kwa lengo la kurudisha sura ya ngome. Waliofanya kazi hiyo waliliacha jiwe litawale. Ukiwa ndani unaona mashimo ya mizinga, ngazi nyembamba zilizochimbwa ndani ya unene wa ukuta, na dari zilizojengwa kubeba uzito mkubwa. Jambo moja huwashangaza wageni: mnara unaouona kwa nje si mnara wote. Katika karne ya 17, chini ya utawala wa Sweden, Tallinn ilizungushiwa maburuji makubwa ya udongo na mawe, na ghorofa za chini za Kiek in de Kök zikafukiwa. Ndani ya maburuji hayo zilijengwa njia za chini ya ardhi za kupitisha askari na baruti bila adui kuona. Njia hizo ziliwahifadhi raia wakati wa mabomu ya Vita Kuu ya Pili, zikaandaliwa kuwa kinga ya raia katika enzi ya Kisovieti, na mwaka 2010 zikafunguliwa kwa umma. Ukarabati wa hapa haukuchagua karne moja na kufuta nyingine, na hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi. Karne ya 15 iko juu, ya 17 iko chini, na ya 20 iko ndani ya ya 17.

Neitsitorn ulichukua njia tofauti kabisa. Hali ya jengo ilikuwa mbaya kiasi kwamba kurudisha mnara wa karne ya 14 kungekuwa ni kubuni, kwa hiyo warekebishaji wa miaka ya 1970 waliamua kuonyesha kipya kuwa ni kipya. Kuta za mawe zilijengwa upya pale ilipohitajika, na upande mmoja ukapewa kioo kikubwa kinachoingiza mwanga mahali ambapo hapo zamani palikuwa giza. Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa kosa. Mimi nauona wa haki: hakuna anayedanganywa kwamba kioo kile ni cha mwaka 1370. Anayetafuta jiwe la asili, hata hivyo, aelewe mapema kwamba hapa atapata sehemu tu.

Paks Margareeta ulikuwa magofu baada ya moto wa 1917. Ulitengenezwa kwa awamu, na mwaka 1981 ukawa makao ya Jumba la Makumbusho ya Bahari la Estonia, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1935. Ukarabati mwingine mkubwa ulikamilika mwishoni mwa 2019, mnara ulipofunguliwa tena ukiwa na maonyesho mapya kabisa. Kuta za nje ni za zamani na zinaonekana hivyo. Ndani, mpangilio, taa na vioo ni vya karne hii. Huu ni ukarabati unaoifanya ngome kuwa chombo cha kubebea maonyesho. Umefanywa kwa ustadi, ila mgeni huenda akamaliza ghorofa mbili kabla hajakumbuka kwamba yumo ndani ya mnara wa vita.

Kazi ya leo

Kiek in de Kök ni makumbusho ya ngome na vita vya mji. Silaha, mavazi ya chuma, michoro ya ukuta ulivyokua, simulizi za kuzingirwa kwa mji, na kisha njia za chini ya ardhi ambamo pia kuna maonyesho ya mawe yaliyochongwa yaliyokusanywa kutoka majengo ya mji. Somo ni moja na linashikiliwa hadi mwisho: mji ulijilindaje? Anayependa swali hilo atatoka ameshiba. Asiyelipenda atachoka kwenye ghorofa ya tatu.

Paks Margareeta hujibu swali jingine: ulinzi wote ule ulikuwa wa kulinda nini? Tallinn, iliyoitwa Reval wakati huo, ilikuwa mji wa Muungano wa Hansa, yaani ushirika wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, na utajiri wake ulipita kwenye maji. Kitu kikuu katika maonyesho ni mabaki ya jahazi la mizigo la Zama za Kati, la aina iliyoitwa kogi, lililofukuliwa mwaka 2015 katika eneo la ujenzi huko Kadriorg, mtaa wa Tallinn, kwenye ardhi iliyokuwa bahari hapo zamani. Mtu aliyelelewa akiona majahazi yakiundwa Lamu, Nungwi au Kilwa atalitazama kwa macho ya kujua. Atalinganisha jinsi mbao zilivyopangwa, atatafuta misumari, atajiuliza shehena ilikaa wapi. Juu kuna paa linalotazama bandari, na nje, karibu na mnara, kuna mnara wa kumbukumbu ya watu 852 waliofariki meli ya abiria Estonia ilipozama usiku wa tarehe 28 Septemba 1994. Wazanzibari na wote waliopoteza jamaa katika mv Bukoba au mv Spice Islander hawatapita hapo haraka.

Neitsitorn ni wa kukaa. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980 umejulikana kwa mkahawa wake, na katika enzi ya Kisovieti sifa yake ilienea kwa divai ya moto yenye viungo. Baadaye ukaunganishwa na makumbusho ya Kiek in de Kök, pamoja na mnara wa jirani uitwao Tallitorn, hivi kwamba mgeni anaweza kutoka mnara mmoja hadi mwingine akipitia ukutani. Maonyesho yake ni madogo. Thamani yake ni kwamba unaketi ndani ya ngome bila haraka, unazungumza, unatazama mapaa mekundu ya mji wa chini. Ngome Kongwe ya Unguja huwapa watu kitu kinachofanana na hicho katika uwanja wake wa maonyesho na tamasha la filamu, na nadhani aliyewahi kukaa pale jioni ataelewa mara moja kwa nini baadhi ya watu wa Tallinn wanaupenda mnara huu kuliko ile mikubwa.

Mwili na muda

Kiek in de Kök unadai zaidi kuliko yote. Ngazi ni nyingi, baadhi ni nyembamba na za kuzunguka, na chini ya ardhi kuna baridi hata katikati ya kiangazi, kwa hiyo koti ni la lazima mwezi wowote. Mnara pamoja na njia za chini na ukuta wa kuelekea Neitsitorn huchukua saa mbili hadi tatu kwa mtu anayesoma maelezo. Watoto wakubwa hufurahi sana. Wadogo huogopa giza la chini.

Paks Margareeta ni mpana, kwa hiyo sakafu zake zina nafasi na mtu hahisi kubanwa. Saa moja na nusu inatosha, mbili kwa mpenzi wa vyombo vya bahari. Faida yake kubwa ni mahali ulipo: kutoka bandari ya abiria unafika kwa mwendo mfupi wa miguu, na hauhitaji kukipanda kilima cha Toompea.

Neitsitorn unahitaji kupanda kilima, ila si zaidi ya hapo. Nusu saa inatosha kwa maonyesho, na kahawa iongeze kadiri upendavyo.

Kwa minara yote mitatu, mwenye kiti cha magurudumu au matatizo ya magoti na aulize makumbusho kabla ya kununua tiketi, kwa kuwa majengo ya ulinzi yalijengwa makusudi yawe magumu kuingilika. Saa za kufungua hubadilika kwa majira, na siku ya Jumatatu nje ya kiangazi ndiyo ya kuthibitishwa kwanza.

Mwongozo kwa hali yako

Ukiwa na saa nne tu kati ya meli mbili, nenda Paks Margareeta. Uko njiani, na ukitoka utaingia moja kwa moja barabara ya Pikk, yenye nyumba za wafanyabiashara ambao utajiri wao umetoka kuuona kwenye maonyesho.

Ukiwa na siku nzima na unapenda historia ya vita, ujenzi au siasa za dola, anza Kiek in de Kök asubuhi, shuka chini ya ardhi kabla hujachoka, kisha umalizie Neitsitorn kwa kupitia ukutani. Mwanafunzi wa usanifu majengo au uhifadhi afanye hivyohivyo, kwa sababu ndani ya mwendo wa dakika chache ataona falsafa mbili za ukarabati zinazopingana, zote zikiwa zimetekelezwa kwa uangalifu.

Ukiwa na wazazi wazee, au na mtu asiyependa makumbusho lakini hataki kuachwa hotelini, Neitsitorn utawafaa nyote, iwapo mkahawa umefunguliwa siku hiyo. Hakikisheni kwanza.

Ukiwa na watoto wa shule, chagua kwa tabia zao: wanaopenda panga na mizinga wapeleke Kiek in de Kök, na wanaouliza maswali juu ya meli wapeleke Margareeta. Usijaribu yote mawili kwa siku moja.

Anayefanya kazi katika ngome au majumba ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, na ambaye mamlaka yake inajadili jengo lipewe kazi gani, ningemshauri azunguke yote mitatu hata kama itamgharimu siku mbili. Amtazame mgeni zaidi ya anavyolitazama jiwe: mahali anaposimama muda mrefu, mahali anapopita bila kuangalia, mahali anapoketi.

Ukifika Desemba au Januari, wakati mchana hauzidi saa sita hivi, panga mambo ya juu yaje kwanza. Mandhari kutoka paa la Margareeta na madirisha ya Kiek in de Kök yanahitaji mwanga. Njia za chini ya ardhi hazihitaji. Na ukiwa huna fedha ya tiketi ya makumbusho kubwa, upo mlango wa nne: kipande cha ukuta kinachounganisha minara ya Nunna, Sauna na Kuldjala, upande wa magharibi wa mji wa chini. Hakina maonyesho mengi, lakini unatembea mahali walipotembea walinzi, na hakitakuchukua zaidi ya nusu saa.